Kinanda changu kimezimwa, na mke wangu ananiambia kimekaa vizuri

Admin, nifichie jina, maana Same ni mji mdogo na mhusika mkuu wa kisa hiki analala ubavuni kwangu. Mimi ni baba wa miaka hamsini na nne, mwenye kitambi cha wastani, mpiga kinanda wa kanisani tangu ujana. Presha ya macho ilinichukulia uoni taratibu, ikaanza na pembeni, mwisho macho yakafunga duka kabisa. Nina mke, tumwite Mama Neema, na binti mmoja, Neema, ambaye mwezi ujao tunamfanyia sendofu, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi. Hiyo sendofu ndiyo iliyonifanya niwaandikie.

Nilipopoteza macho nilikaa ndani kama gunia. Mke wangu akauza mpunga wa shamba lake la Kihurio, akanunua kompyuta ya kurekodia muziki, tukatundika magodoro ukutani chumba cha wageni kikawa studio. Mimi napiga, yeye anashika mausi na kunisomea kilichopo kwenye skrini. Kwaya zikaanza kuja, na watu wa harusi. Kila nikimaliza kupiga namuuliza, "Kinanda kimekaaje?" Naye hujibu, "Kimekaa vizuri, Baba Neema."

Baada ya siku kadhaa wimbo ukiwa tayari nasikia kinanda kinatiririka kuliko nilivyopiga. Nikimuuliza ananiambia kompyuta inanyoosha makosa. Nikaamini. Nani hapendi kunyooshwa?

Mwaka huu nikaona nimpumzishe huyu mama. Nikamwomba Neema aniwekee programu inayosoma skrini kwa sauti, nijifunze kimyakimya, siku moja nimshangaze mke wangu kwa kurekodi wimbo mzima peke yangu. Nilikuwa nafanya mazoezi mchana akiwa dukani kwake, hedifoni masikioni, Neema akinielekeza kwa simu. Jamani, ile sauti inaongea kama dalali wa mnada wa ng'ombe. Mausi hutumii, kila kitu ni kubonyeza herufi na kusikiliza. Siku ya kwanza nilifuta sauti ya pili yote ya kwaya ya akina mama.

"Baba, sikiliza kwanza ndipo ubonyeze," Neema akaniambia.

"Namsikilizaje, mwanangu, hata kumeza mate hamezi?"

"Mpunguze mwendo. Halafu rudisha akina mama wa watu."

Nikampunguza mwendo, nikarudisha akina mama, nikazoea. Nikajua kuwa kila sauti ina mstari wake na jina lake, nami nashuka mstari mmoja mmoja huku dalali akinitajia. Mchana mmoja nikafungua wimbo wetu uliopendwa sana. Akasoma ngoma, akasoma besi, akasoma "Kinanda Baba", halafu akaongeza kwamba umezimwa sauti. Nikadhani nimebonyeza vibaya. Nikashuka mstari mmoja, akasoma "Kinanda Eliya". Huo ulikuwa wazi.

Eliya anapigia kwaya ya vijana. Nikafungua wimbo mwingine, na mwingine. Baba amezimwa, Eliya anatiririka. Majina kayaandika mke wangu mwenyewe, kwa unadhifu wake wote.

Nikajiuliza Eliya alipiga lini hapa nyumbani mimi nisijue. Ndipo nikakumbuka kuwa kila tukimaliza kurekodi, Mama Neema huniambia nipande Ngujini nikamsalimie mama yangu. Mimi nikawa natamba kwa rafiki zangu kwamba hakuna mkwe kama huyu Upare nzima.

Nilijisikiliza peke yangu, nimewazima wengine wote. Nisiwadanganye, mkono wangu wa kushoto unachelewa kama basi lililopata pancha Makanya. Wateja wasingerudi. Kwa hiyo simwiti mke wangu mbaya. Ila nilikaa kwenye kiti kile nikaona magodoro yamenisogelea.

Siku moja nikafungua mstari wangu kwenye wimbo mmoja, nikauacha wazi. Kesho yake nikakuta umezimwa tena. Hakuniuliza kitu, nami sikumuuliza. Jioni akanipakulia makande, akaniongezea nyama.

Sasa Neema ameomba wimbo niliokuwa nampigia akiwa mtoto, ndio tuingie nao ukumbini. Nitakuwa nimemshika mkono, siwezi kupiga papo hapo, lazima urekodiwe. Aliniambia, "Baba, nyimbo zenu za siku hizi ni nzuri, ila wewe sikusikii humo ndani. Huu nataka nikusikie."

Nimeshaupiga. Nilipomaliza nikauliza kama kawaida, na Mama Neema akajibu kama kawaida. Mchana nikaenda kumsikiliza dalali. Chini ya mstari wangu kuna mstari mpya, mtupu, umeshaandikwa "Kinanda Eliya".

Sisi Wapare tunasifika kwa kesi, mbuzi akila hindi moja tunafika hadi rufaa. Lakini hii namshitaki nani? Aliyeuza mpunga wake ili nisikae kama gunia? Nikisema, atajua kwamba muda wote huu najua, na hata ile zawadi ya kumshangaza itaonekana nilikuwa namchunguza. Nikinyamaza, nitamwingiza binti yangu ukumbini kwa vidole vya mtu mwingine, halafu nitabasamu kwenye picha. Nikibonyeza kwa siri ile herufi ya kuzima na kuwasha mstari, atabonyeza na yeye.

Jana tukiwa mezani akaniambia kwa upole, "Baba Neema, mama hujamwona siku nyingi. Jumamosi si ungepanda Ngujini?"

Nikamwambia nitaangalia.

Ndugu zangu, nishaurini mapema, Jumamosi haiko mbali. Nipande gari la Ngujini, au nibaki nyumbani nimsubiri Eliya?