Maji ya Kupooza ya Ursula

Masika ya mwaka huu Ursula alikuwa na kazi moja tu duniani: kumlinda mjukuu wake Wilbroad, wa miaka mitatu, asiharishe. Mvua ikaanza, mtoto akaharisha. Akapona, akaharisha tena. Ndipo mama wa mtoto, Kindness, binti wa Ursula anayefanya kazi Mirerani, akapiga simu na kusema waziwazi: akiumwa mara ya tatu, anakuja kumchukua. Jumatatu mtoto akaanza tena. Ursula hakumwambia Kindness.

Kichwa kilimvurugika, acheni mchezo. Angekuwa mzembe tungemsema, lakini pale mtaani kwake Bonga nani anamshinda usafi? Choo kina mfuniko, mikono inaoshwa kwa sabuni, maji ya kunywa yanachemka kila siku mpaka kifuniko cha sufuria kinacheza. Jirani akasema ni meno. Ursula akamfungua mtoto mdomo, meno yote yapo. Mwingine akasema ni maziwa, maziwa yakaachwa. Muuza duka la dawa akasema minyoo, dawa ikanywewa. Mtoto poti haliachi.

Alhamisi akaja Rogathe, mhudumu wa afya wa mtaa, matope hadi magotini. Akaacha pakiti za chumvi ya kurudisha maji mwilini, akakagua choo, akachungulia ndoo, akatazama kucha za mtoto. Naye akachanganyikiwa. Alikiri kwamba nyumba kama hii angewaleta wengine waje kujifunza. Ursula alitaka kulia. Bora angeambiwa ni mchafu, angejua pa kuanzia.

Sasa, kwa Ursula mgeni haondoki koo kavu. Maji yalikuwa yametoka motoni hivi punde, yananuka moshi wa kuni, na tangu utoto wake kule Mbulu alifundishwa kwamba mtu hapewi maji ya moshi. Akamimina nusu kikombe, akajazia maji baridi ya mvua yaliyokingwa kwenye bati, akampa kwa mikono miwili.

Rogathe hakunywa.

"Mama Kindness, na mtoto unampoozea hivi hivi?"

"Kila siku. Ya mvua ni maji ya Mungu, hayajaguswa na mtu."

Rogathe akamtoa nje, akamwonyesha kinyesi cha njiwa juu ya bati. Akamweleza taratibu, bila kumkaripia, kwamba maji mabichi yakiingia kwenye yaliyochemka, yote yamekuwa mabichi. Ya kunywa yaachwe yapoe yenyewe, yamefunikwa. Ursula alikitazama kile kikombe. Kuni zote zile, moshi wote ule wa macho, halafu anamalizia hivi! Moyo ulimuuma, na aibu ikamjaa.

Jioni alimpigia Kindness mwenyewe. Binti akauliza mtoto anaendeleaje. Kudanganya kulikuwa rahisi. Angesema mzima, na wiki ijayo angekuwa mzima kweli.

"Anaharisha tangu Jumatatu," alisema. "Mwanangu, ni mimi niliyekuwa nampa ugonjwa, kwa mkono wangu. Njoo Jumamosi. Ukiona sifai, mchukue."