Kitanda cha Mbula na Leseni ya Kaunti

Mutisya, mume wa Mbula, alikuwa fundi wa mbao aliyeamini kwamba futi ya kupimia ni ya watu wasio na imani. Yeye alipima kwa jicho, akakata, halafu akaomba. Ndivyo alivyomtengenezea mkewe kitanda cha mbao ya mukau, kirefu kwenda juu kama mimbari, kizito kama dhambi za mzee wa kanisa. Alikiundia mle mle chumbani kwa gundi na misumari ya kuezekea, na alipomaliza ndipo ikajulikana kwamba kitanda kile hakitapita mlango ule mpaka Yesu arudi. Mutisya alipofariki, jeneza lake lilitengenezwa Malili. Liliingia kaburini bila kukwama, na waombolezaji wakanong'ona kwamba hapo kweli hakuna mkono wa marehemu.

Mbula alibaki na kitanda. Halafu wakaja watoto. Alianza na mtoto wa jirani aliyesema anaenda dukani mara moja, akarudi jioni. Kufumba na kufumbua, kina mama wote wanaouzia wasafiri pale Sultan Hamud wakawa wanamwachia watoto wao alfajiri. Watoto walimwita Susu, yaani nyanya. Aliwapikia uji, akawafundisha nyimbo za Sunday school, na saa ya kulala akawapanga kitandani kwake kama mikate kwenye kreti. Shilingi walizomlipa mama zao ndizo zilikuwa chakula chake na mafuta yake ya taa.

Siku moja kwenye baraza la chifu ikasomwa sheria ya kaunti ya deikea, yaani nyumba za kulelea watoto mchana. Mbula aliisikiliza kwa heshima, kama anavyosikiliza mahubiri marefu, yaani akisinzia kidogo. Alizinduka penye neno "kufungwa". Deikea isiyo na leseni itafungwa. Na chumba wanacholala watoto kisiwe chumba anacholala mtu mzima.

Mengine aliyaweza. Alitengeneza choo cha watoto, akanunua tangi la kunawia mikono. Kadi ya afya ilimtaka apeleke kinyesi chake hospitalini kwenye kichupa, naye akaenda akiomba njiani asikutane na mtu wa kanisa. Alikutana na kwaya nzima, ikataka kujua amewabebea nini.

Kikabaki kitanda. Tena akasikia kwamba afisa atakayekuja kukagua ni Nyamai, mume wa binti yake Mutanu, ambaye mbuzi wake wa ntheo, wale wa kufunga ndoa, walikuwa hawajasahaulika hata harufu. Kwa Wakamba kuna nthoni, ile haya ya wakwe. Mkwe hampi mama mkwe mkono. Na kitanda cha mama mkwe, mkwe hakioni, hakikaribii, wala hakitaji kwa kinywa chake.

"Haiya!" Nasreen akapiga makofi. Huyu ndiye jirani muuza vitambaa, mama wa Khalid, mtoto mtundu kuliko wote pale. "Mungu amekuletea kwa sinia, mama! Mkwe haingii humo. Atapitisha akiwa mlangoni, aende zake."

"Si nitakuwa nimemdanganya?"

"Kumdanganya na nini? Wewe nyamaza tu. Kunyamaza ni adabu."

Mbula akamuuliza Mungu juu ya jambo hilo. Mungu naye akanyamaza, labda kwa adabu.

Nyamai akaja na simu ya kaunti mkononi, maswali yote yamo ndani. Akakagua choo, jikoni, tangi. Alipofika mlango wa chumba akasimama kama gari lililoishiwa mafuta, akageuka akatazama barabara. Mbula naye akageukia ukuta. Wakaongea wamepeana migongo, huku Nasreen akiwachungulia kutoka nyuma ya nguo zilizoanikwa.

"Mwaitu, mama yangu, huko ndani kuna madirisha?"

"Yako, baba. Moja linafunguka. Lingine linafunguka likitaka."

"Neti?"

"Ziko."

Nyamai akasoma swali lililofuata, akakohoa. "Na… kuna ile fanicha ya mtu… ambaye si mtoto?"

"Fanicha ya kukalia?"

"Si ya kukalia, mwaitu." Jasho lilikuwa linamshuka. "Mimi kuingia siwezi, unajua. Wewe sema tu hakuna. Naandika hakuna, leseni inatoka, naenda."

Leseni hiyo hapo, kwa neno moja. Mbula akafungua mdomo. Lakini kwa pembe ya jicho, kupitia mlangoni, alimwona Khalid amelala pembeni kabisa mwa kitanda kile cha mimbari, na kwenye paji lake nundu ya Jumatatu, siku aliyoanguka kutoka juu.

"Andika iko," akasema.

"Iko?"

"Iko, baba. Na iko juu sana."

"Mwaitu, nikiandika iko, mimi ndiye nitakufunga! Nitamwambia nini Mutanu?"

"Basi usiandike leo. Hiyo simu ya kaunti haiishiwi chaji?"

Nyamai akaitazama simu. "Imeisha," akasema, akaenda karibu mbio. Chaji ilikuwa imejaa. Mbula alimwombea msamaha, kisha akakumbuka wazo lilitoka kwa nani, akajiombea na yeye.

Siku hiyo hiyo akaazima msumeno. Nasreen alishika, yeye akakata. Mukau ikalia kama mbuzi wa Krismasi. "Mutisya," Mbula akasema, machozi na vumbi la mbao vikichanganyika, "leo utapita mlango huu." Godoro lake akalihamishia sebuleni. Watoto wakalazwa chini kwenye vigodoro, na zile mbao zikawa mabenchi mafupi ya kunywea uji.

Nyamai aliporudi, akaambiwa ile fanicha haiko tena chumbani, akaingia kifua mbele, akafungua hata lile dirisha lenye kiburi. Akatoka, akajitupa kwenye benchi, magoti karibu na masikio, akaanza kujaza majibu.

"Imepita, mwaitu! Leseni utaichukua Ijumaa." Akapapasa mbao pale alipokalia. "Na hii benchi ni tamu! Umenunua wapi?"

Nasreen akajiziba mdomo kwa mtandio.

"Ni mbao ya marehemu baba yenu," Mbula akasema polepole. "Tulikuwa nayo siku nyingi."

"Inaonekana. Mtu anaweza hata kulala hapa."

Mbula akakimbilia nyuma ya jikoni, akauma leso mpaka kicheko kikapoa. Kosa kama hilo la nthoni, mkwe kukalia kitanda cha mama mkwe, hulipwa kwa mbuzi, lakini nani amlipe nani? Akamwambia Mungu kwamba hesabu hiyo ataifanya na Mutisya mbinguni, kwa kuwa yeye ndiye hakupima mlango.

Kisha akarudi na chai. Nyamai alitaka kuinuka kwa heshima.

"Kaa, baba," Mbula akamwambia. "Kaa hapo hapo."