Marufuku Aliyoingojea Bibi

Ko-ko-ko, kimya kidogo, halafu ko-ko tena. Hivyo ndivyo lilivyolia debe la mpiga mbiu mtaani kwetu Dunda, na mpaka leo nalisikia vizuri kuliko sauti za watu wengi niliowapenda. Juzi imepita pikipiki yenye spika, msichana aliyerekodiwa anasema ni marufuku kumwaga maji machafu barabarani. Ikapita, hata mtu mmoja hakuinua kichwa. Basi nikachoka ghafla, rafiki yangu, nikakaa kibarazani na beseni langu la nguo, nikamkumbuka bibi.

Bibi aliuza vitumbua. Alfajiri mimi nakuna nazi huku nasinzia, yeye anakoroga mchele uliosagwa na iliki. Mafuta yakishika moto, harufu inafika msikitini kabla watu hawajatoka. Walikula wamesimama pale pale, vidole vinang'aa, wanamtania kwamba vimekuwa vidogo kuliko vya jana.

Mwaka mmoja kipindupindu kikaingia mjini. Debe likalia, mpiga mbiu akasimama mbele ya nyumba yetu: ni marufuku kuuza chakula kilichopikwa barabarani. Bibi alikuwa ameshachota upawa wa kwanza. Akaurudisha kwenye bakuli.

"Shikamoo bibi. Usinikasirikie, mimi natumwa tu."

"Marahaba, mwanangu. Basi kama ulivyotumwa kuipiga marufuku hii, utumwe na kuja kuiondoa."

Akazima moto.

Mimi nilidhani vitumbua vimekuwa haramu, nikalia. Bibi akacheka. Akasema haramu ni ya Mungu, hiyo haina siku ya kuondoka. Mwiko ni wa wazee, tumezaliwa tumeukuta. Marufuku ni ya wakubwa wa serikali, inapigwa, na aliyeipiga ndiye wa kuiondoa. Utotoni kwake Kaole, marufuku ilikuja kwa pembe, na ikiisha pembe ililia tena, watu wakashukuru. Hakuna aliyetangulia kabla ya pembe.

Nikaenda kumuuliza ustadhi wa chuo cha Kurani neno lenyewe limetoka wapi. Akakuna ndevu, akasema linanukia Kiarabu, huenda lina undugu na neno la kitu kilichokataliwa, "ila huo mkia wake wa 'ku' sijui, labda tumeuotesha wenyewe hapa pwani." Nilifurahi mno. Njia nzima nikawa naliona lile neno limebeba kikapu kichwani, geni mjini, linauliza nyumba kwa nyumba litalala wapi. Likaja kulala kwetu.

Maana kipindupindu kilikwisha, na debe halikurudi. Muuza supu akatoka kwanza, mwenye chapati akafuata, baadaye barabara nzima ikajaa moshi. Jirani yetu akaja kusimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Shoga, unangoja nini? Wenzio wote wako nje. Serikali yenyewe imeshasahau!"

"Imesahau yenyewe. Mimi hawajaniambia."

"Utangoja mpaka meno yaishe!"

"Yameshaisha, mwenzangu. Karibu chai."

Tukanywa chai kavu. Bibi alicheka siku ile, lakini mimi nililala naye kitanda kimoja, nilimjua. Kila alfajiri aliamka saa ile ile, akakaa ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, anasikiliza nje. Kisha anajinyoosha tena polepole, kama mtu aliyetoka shamba.

Hakuuza tena. Wateja wakazoea kwingine, na bibi akazeeka haraka, akazikwa marufuku ile ikiwa bado imemfunga yeye peke yake. Siku hizi yanatangazwa mengi, kwa spika na kwa simu, na yanaachwa hewani tu. Hayupo mtu wa kuyapokea kama alivyoyapokea yeye, kama mgeni anayepaswa kuagwa.

Kuna mchana mmoja, bibi angali hai, ambao sikumwambia mtu. Nilitoka shule nikapitiliza hadi ofisi ya serikali ya mtaa, na sare yangu, na viatu nimevifuta kwa mate. Njia nzima nilikuwa nakariri salamu. Mlango ulikuwa umefungwa. Nikabisha hodi mara kadhaa. Nikaweka mdomo karibu na mbao, nikasema, "Shikamooni. Naomba mje muiondoe na marufuku ya bibi yangu." Nikangoja kidogo, nikarudi nyumbani.