Maji ya Kunawia Pale Stafford

Siku nilipoanza kazi katika bustani ile ya mji wa Stafford, huku ughaibuni, tulikuwepo wanne: Rehema, msanifu wa Kitanzania aliyechora chemchemi tuliyotakiwa kujenga, Ramón, msimamizi wetu, Mama Spesioza, Mrundi mwenzangu, ambaye mwanawe alichukuliwa na mafuriko asionekane tena, na mimi, fundi wa mawe. Chemchemi ilikuwa ya kuwakumbuka waliokufa maji. Sikuelewa. Mtu auawe na maji, kisha akumbukwe kwa maji?

Kabla ya hapo nilijenga mabwawa ya kuogelea Arlington. Mkuu wangu wa huko alikuwa akisema, "Likivuja umejenga wewe. Lisipovuja nimejenga mimi." Ndiye aliyenifundisha kupiga plasta isiyopitisha maji, na kwamba maji ya bwawa hayaendi popote: pampu huyavuta, chujio huyasafisha, yakarudi yaleyale.

Rehema alimweleza Mama Spesioza hivyohivyo kuhusu maji ya chemchemi.

"Yanarudi?"

"Ndiyo, mama. Hatupotezi hata tone."

"Basi hayanifai, mwanangu. Kwetu tukitoka kuzika tunanawa mikono, maji yaende na msiba. Mimi sikuzika. Nilitaka ninawe hapa. Sasa msiba uzunguke kwenye pampu, unirudie?"

Ramón, asiyejua Kiswahili, aliuliza kuna nini. Nikamwambia mama hataki maji.

"Maji gani? Hata shimo hatujachimba!"

Rehema akanigeukia. "Mzee Lazaro, city hawata-approve maji ya kumwaga. Nifanyeje?"

Ningejuaje? Wazazi wetu walifia njiani tukikimbia vita, tukawaacha bila kuwazika. Mimi mkubwa nikaacha shule, nikabeba mawe ili wadogo zangu wasome. Mikono yetu nayo haijanawa mpaka leo.

Baadaye Rehema alileta mchoro mwingine. Chemchemi ileile, ila pembeni bomba dogo la kunywea, maji yake yakiishia kwenye maua. Wakubwa wa city walipitisha bila swali. Bustani gani haina bomba la kunywea?

Siku ya ufunguzi wakubwa walipigwa picha mbele ya chemchemi. Sisi wafiwa tulipanga foleni bombani.

"Watu wako wana kiu kweli," Ramón akaninong'oneza.

Mama Spesioza alinawa hadi viwikoni, akakung'uta mikono. "Na wewe je, Lazaro?"

"Mkubwa hanawi peke yake, mama. Nawangoja wadogo zangu."

Niliwapigia simu Arlington, wanakoishi. "Tutakuja, kaka, tukipata off." Kisha ukaja mwaka wa watu kukatazwa kukusanyika kwa sababu ya ugonjwa, na mgongo ukanistaafisha; hawajaja bado.

Vijana huniuliza ukumbusho wenyewe ni upi, chemchemi au bomba. Mpaka leo sijui. Nilivijenga vyote viwili. Ninachojua ni kwamba wengi wamemaliza msiba wao pale, na mimi baba na mama bado wananidai maji.