Fungu la Kumi na Moja

Miaka ile ya hali ya hatari nilikuwa msimamizi wa wachungaji katika shamba la mzungu mmoja, Ruiru. Kila jioni nilihesabu ng'ombe mara mbili: mara ya kwanza kwa ajili ya tajiri, ya pili kwa ajili ya shingo yangu. Tulikuwa na desturi moja tuliyoipenda kuliko mshahara. Ng'ombe akijifia, nyama ni ya wachungaji. Tuliwaombea ng'ombe maisha marefu, lakini si marefu sana.

Asubuhi moja tukakuta watatu wamekufa. Tajiri akaenda Thika kumleta daktari wa mifugo. Sisi tukaleta visu. Nikakata mafungu kumi na moja, moja kwa kila nyumba, nikahesabu, nikarudia. Watu wakachukua, wakaenda. Fungu moja likabaki juu ya jani la mgomba.

Lilikuwa la mkamuaji, rafiki yangu. Tulitahiriwa msimu mmoja.

"Mbona huchukui?"

"Meno yananiuma."

"Tangu lini? Jana si ulimaliza muwa wangu na mafundo yake?"

Hakucheka. Vidole vyake vilikuwa vimefungwa kitambaa, na pembeni malengelenge yalichungulia. Kila mtu kwetu aliyajua malengelenge hayo. Ni ya ule mti wa kuzungushia ua, wenye utomvu mweupe wa sumu, ukiukata unakuunguza. Lakini ua wetu haukuwa umekatwa.

"Umewatilia ng'ombe sumu?"

"Wanakula nyasi za shamba la baba yangu," akasema kwa sauti ya chini.

"Na watoto wangu, sasa hivi wanakula nini?"

"Nilidhani safari hii tajiri atawazika."

"Huyu amezika ng'ombe lini?"

Moshi ulikuwa umeanza kutoka jikoni. Ningetamka sumu, askari wangemchukua, na siku zile watu walinyongwa kwa madogo kuliko hayo. Nikapiga kelele: "Kimeta! Rudisheni nyama! Ng'ombe wana kimeta!"

Jirani yangu mmoja, mama mwenye ulimi, akashika kiuno. "Ngai! Kimeta umekiona kwa macho gani, baba? Fungu lako limetoka mifupa, ndiyo unataka tugawe upya!"

"Basi chukua na langu, mama, ufe umeshiba."

Akarudisha lake, pamoja na sufuria.

Nikahesabu mafungu yaliyorudishwa, pamoja na lile lililobaki: kumi. Nikarudia: kumi. Lililokosekana lilikuwa langu. Nilipofika nyumbani mbio, binti yangu mdogo alikuwa ameshika kipande cha kuchoma, midomo inang'aa mafuta. Nikamnyang'anya, nikalirudisha fungu letu. Alitapika siku mbili. Mke wangu hakuniuliza kitu, nami sikumwambia.

Daktari alichimba shimo tulimofukia nyama, akapima, akasema hakuna kimeta. Askari aliyekuja naye, akishuku sumu, akaniuliza nani hakuchukua fungu lake.

"Wote walichukua, bwana. Nilihesabu mara mbili."

Shimoni mlikuwa na mafungu kumi na moja, moja limeumwa pembeni. Hesabu ilikubali. Mimi nikafukuzwa kwa kutangaza ugonjwa usiokuwepo.

Mkamuaji alinibebea sanduku kuelekea Thika. Mke wangu alitangulia, mtoto mgongoni, bado amelegea. Tulipofika Mugutha nikamwambia alitue.

"Uliua wangapi?" nikamuuliza.

"Watatu."

"Hesabu tena."

Akamtazama yule mtoto mgongoni mwa mama yake, akaanza kufungua kitambaa vidoleni, akakifunga tena. Nikachukua sanduku langu.