Marehemu kaka yangu alitutumia link ya "chat bure", na mama akamjibu

Wakuu, habari za huko mliko. Hiki ninachoandika sijakitia chumvi. Kilitukuta mimi na mama yangu mzazi, hapa Kamina.

Mimi ni mwalimu. Kaka yangu Ilunga tulimzika miezi mitano iliyopita. Simu yake ilibaki kwa mjane wake, Ngoie, na laini hakuizima.

Jumapili tumetoka kanisani, mama anachambua sombe, majani ya muhogo, uani. Simu yangu ikalia.

Picha ya Ilunga. Ile ya shati jeupe tuliyoiweka juu ya jeneza.

"Chat bure mwaka mzima bila kununua mega za intaneti! Bonyeza hapa, watumie watu kumi."



Nikainua macho nimwonye mama, nikakuta naye kashika simu, anatabasamu. Tangu mazishi sikuwa nimeona meno yake.

"Ilunga amenijibu," akasema.

Nikasoma. Mama ameandika: "Mutoto wangu, weye uko wapi? Unakula?"

Jibu: "Niko salama mama. Ninakula. Nitumie namba sita zilizoingia kwenye simu yako."

Na chini ya jina la kaka yangu: anaandika...

Wakuu, mimi si mtu wa kuogopa mizimu. Lakini lile neno lilikuwa linatokea, linapotea, linatokea tena, kama mtu anayepumua.

"Mama, huyu si Ilunga. Ni mwizi."

"Mwizi ataniita mama? Achia! Mutoto wangu iko anaandika!"

Alishaandika namba nne kati ya sita. Nikampokonya simu. Maishani mwangu sijawahi kumpokonya mama kitu.

Nikachukua pikipiki hadi kwa Ngoie. Kumbe asubuhi jirani alimtumia link hiyohiyo, naye Ngoie akajaza namba ya marehemu, kisha code iliyokuja. Nikamuuliza kwa nini.

"Shemeji, namuandikiaka Ilunga kila siku," akasema huku analia. "Mega za simu yake zilikwisha."

Tukaomba code mpya kwenye simu ya kaka, account ikarudi, tukaifunga kwa PIN. Nikatangaza kwenye group ya kanisa. Watatu walishabonyeza.

Nilichojifunza: ofa ya kweli haikuagizi uisambaze kwa watu kumi. Code ya tarakimu sita usimpe yeyote, hata picha iwe ya mtu uliyemzaa. Mpigie kwanza, usikie sauti yake.

Na laini za marehemu, wakuu, msiziache wazi tu.

Ila kuna jambo moja limenishinda. Niliporudi nyumbani nikamweleza mama yote, polepole. Akauliza:

"Sasa mutoto wangu amekufa tena?"

Ninyi mngemwambia nini? Andikeni hapo chini, nitasoma yote.