Tope kwenye Baiskeli ya Nahodha

Hebu mwone nahodha wa timu ya baiskeli, huko ugenini, akiingia kunywa chai siku ya mapumziko katikati ya mashindano: ndala miguuni, mikono ikikanda paja kama unga wa mkate. Hata kijiko anaomba asogezewe. "Jamani, miguu ni ya mlima wa kesho! Atakayegusa pedali leo, kesho havai namba mgongoni."

Mara fundi, aliyeziosha baiskeli zote jana, anaingia akisukuma ya nahodha mwenyewe, tope bichi hadi kwenye kiti. "Kapteni, hii imetoroka peke yake?"

Nahodha, masikio yakimwaka, anakoroga chai isiyo na sukari, anakoroga tena. "Ndugu zangu, niliogopa miguu itaganda nikikaa bure."

Wenzake wanatazamana, kisha mmoja anamsogezea sukari. Ungekuwa wewe, kesho ungemvisha namba?